Msiilaumu zabibu ya Dodoma

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hivi: ukiwa na shilingi 20,000, utanunua mvinyo upi wa kunywa nyumbani, na kwa nini? Nilikuwa nimeshaandika jina la chupa, nibonyeze tu nitume, nikaona ile sentensi ya chini mnayowatahadharisha wasomaji na "vile vitamu vya Dodoma vya bei chee". Hapo mkanigusa pabaya. Kwa hiyo mlichouliza nitakijibu mwishoni, nikikumbuka. Kwanza nataka kueleza kwa nini mvinyo wa Dodoma ukifika Kimara kwangu, hapa Dar es Salaam, unakuwa si ule ulioondoka Dodoma.

Mimi si mtaalamu. Ni mhasibu, nanywa glasi moja au mbili Ijumaa nikishavua viatu. Kanisani nimekua nikiuita divai, kwenye grosari ya mtaani wanauita waini, na bado kuna watu wazima na akili zao ambao kwao ni kitu kimoja tu: kinywaji chekundu kitamu cha akina mama kwenye send-off. Hilo la utamu nitalirudia.

Tuanze na bei, maana neno "chee" limetumika kama tusi. Mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za nchini kwa zaidi ya asilimia 75 unatozwa ushuru wa bidhaa mdogo sana kuliko ule wa kutoka nje. Chupa ya Dodoma na chupa ya Afrika Kusini zikisimama rafu moja, moja elfu kumi na nyingine elfu ishirini na mbili, sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kodi na safari. Hujanunua ubora, umelipia meli. Mhasibu ndiye anayekwambia.

Na zabibu yenyewe haina cha kuonewa aibu. Wamisionari wa Bihawana walikuwa wanailima tangu miaka ya 1950, na kituo cha utafiti cha Makutupora kimeipa jina lake ile nyekundu ambayo karibu kila mkulima anayo. Kwa kuwa hatuna baridi ya kuulaza mzabibu, anayepogoa mara mbili anavuna mara mbili kwa mwaka: Februari na Machi mvua ikiwa bado ipo, tena Agosti na Septemba kwenye ukavu. Ya mvua inaoza upesi na sukari yake ni kidogo. Ya kiangazi ndiyo zabibu. Mkulima yeyote wa kule atakwambia hivyo bila kuulizwa.

Mimi niliambiwa na mzee mmoja wa Mpunguzi, Agosti 2014.

Nilikuwa nimekwenda Dodoma kumwona wifi yangu aliyejifungua. Jumamosi kaka akasema twende nikuonyeshe kitu, tukashika barabara ya Iringa. Mpunguzi kiangazi ni vumbi na mibuyu isiyo na jani, halafu ghafla katikati ya wekundu huo unakutana na mistari ya kijani imenyooka kwenye nyaya. Wanawake walikuwa wanakata vichala kwa mikasi na kupanga kwenye kreti za plastiki. Kaka akaita "Mbukwenyi!" kama Mgogo wa kuzaliwa, nami nikamwamkia mzee shikamoo. Alikuwa na ekari mbili, na mwaka ule wanunuzi walikuwa wanasuasua, basi sehemu ya mavuno alikuwa anaikamua na kuitunza kwenye matanki: mchuzi, ndivyo wanavyouita kule, mchuzi wa zabibu, uuzwe kiwandani zamu ikifika.

Akanichotea kwenye kikombe cha bati. Nikategemea utamu, nikakutana na ukakasi. Kama uliwahi kung'ata bibo ukiwa mtoto, lile ganda la ulimi linavyojikunja, basi ni hivyo, ila nyuma yake kuna uchachu safi kama wa ukwaju, na nyuma kabisa kuna tunda. Nikasema, "Babu, mbona si mtamu?"

Akacheka. "Utamu wote umeliwa na hamira, mjukuu wangu. Ukitaka utamu kula zabibu."

Sikuwa nimewahi kuonja mvinyo mkavu, yaani usio mtamu, nikaupenda. Nikanunua dumu la lita tano, kutoka kwenye tanki ambalo lilikuwa bado linachemka kwa hamira, ukiliwekea sikio unasikia kama mvua ya mbali. Mzee hakuliziba. Alifunika mdomo kwa kitambaa, akakaza na mpira wa baiskeli, akaniambia, "Huyu bado anahema. Usimzibe pua."

Asubuhi stendi, konda akaliona. "Mama, hilo halipandi bila kizibo. Likimwagika kwenye mizigo ya watu nalipa mimi?" Alikuwa na haki, na sikuwa na nguvu za kubishana. Nikanunua kizibo kwa mama muuza maji, nikakikaza kwa mikono yote miwili, nikaliweka dumu miguuni kwangu, upande wa dirisha wenye jua. Pembeni yangu alikaa mzee wa kanzu, nyeupe, imepigwa pasi hadi mikunjo inakata.

Tulipofika Kibaigwa mbavu za dumu zilikuwa zimenyooka. Gairo limekuwa duara kama tumbo la miezi minane. Sasa ningekuwa na akili ningelegeza kizibo pale gari liliposimama watu wanunue viazi. Lakini nilikuwa naona haya. Unamfungulia vipi mzee wa kanzu harufu ile puani? Yeye mwenyewe akaliangalia, akaniangalia.

"Binti, hicho ni nini?"

"Mchuzi wa zabibu, baba."

Sikudanganya. Akatikisa kichwa, nadhani alifikiri ni mboga.

Kwenye zile kona za kuteremkia Dumila ndipo kizibo kilipoondoka. Sikusema kilifunguka, kiliondoka. Kiligonga dari, kikarudi kwa dereva, na nyuma yake ukaruka mkondo wa zambarau ulionipiga mimi shingoni, ukapiga pazia, ukamaliza kwenye mkono wa kulia wa ile kanzu. Gari zima kimya. Mzee akainua mkono, akautazama juu na chini, akanusa.

"Mchuzi gani huu unaolipuka?"

Watu walivyocheka nadhani mpaka leo wapo wanaoisimulia. Konda hakucheka, alinipa tambara. Morogoro nilishuka mbio kutafuta maji na sabuni, namfulia mzee mkono wa kanzu akiwa ameivaa, namwomba radhi kila sekunde. Alichosema ni, "Mimi nimeshakusamehe, mwanangu. Shida ni mama watoto, ataninusa." Sikuwa na jibu la hilo, na sina hadi leo. (Baadaye mwalimu mmoja wa kemia alinieleza kuwa lita moja ya mchuzi ikichachuka hadi mwisho hutoa makumi ya lita za gesi. Yangu ilikuwa na safari ya kilomita 450 na kizibo nilichokikaza kama mtungi wa gesi.)

Nyumbani zilifika lita mbili na kidogo. Nikaliacha dumu jikoni karibu na jiko, nusu tupu, kizibo juu. Siku ya nne nikamimina nikajivunie kwa jirani, ikatoka harufu ya siki. Nikampigia kaka kwa hasira, mzee wako ameniuzia kitu kibovu. Kaka akafikisha ujumbe, na jibu likarudi lilivyo: "Mwambie nilimpa mvinyo. Siki ameitengeneza mwenyewe."

Samahani, nimelichukua dumu mbali. Lakini ndiko nilikokuwa nakwenda: mvinyo ule haukuharibiwa na mzee, uliharibiwa na joto na hewa. Tazameni duka la vinywaji lililo karibu nanyi. Soda na bia ziko kwenye friji. Mvinyo uko juu, rafu ya dirishani, chupa zimesimama zinatazama jua la magharibi tangu Pasaka, lebo imepauka. Vitabu vya Ulaya vinasema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, wakimaanisha chumba chao, nyuzi 18 hivi. Chumba cha Kimara Januari ni nyuzi 30 na zaidi, na rafu ya dirishani ni tanuri. Mwaka juzi nilinunua mvinyo uleule wa Dodoma mara mbili, chupa moja Dodoma kwenyewe, nyingine hapa mtaani. Nikamimina kwenye bilauri mbili za kawaida, nikaziinamisha juu ya shuka jeupe. Ya Dodoma ukingo wake ulikuwa zambarau. Ya mtaani ilikuwa na ukingo wa kahawia kama chai, na ilinuka tofaa lililokatwa likasahauliwa. Mtu akinywa hiyo ya pili ataapa kuwa Dodoma hawajui kazi.

Kwa hiyo ukinunua, usianze na jina. Chukua chupa ya nyuma kabisa ya rafu, isiyo na vumbi. Iweke kwenye friji nusu saa, hata kama ni nyekundu, usiwasikilize wale wa vitabu. Ukifungua ikanuka rangi ya kucha au siki, rudisha dukani, na muuzaji akikuangalia vibaya mwombe anuse na yeye. Ikikupa ukakasi, usikunje uso haraka, ipelekee nyama choma kwanza halafu uonje tena. Mafuta ya nyama yanaulainisha ule ukakasi, na ndipo utaelewa babu alikuwa anafanya nini.

Sasa utamu. Nilikaa kuandika nikiwa na aya nzima ya kuwasema wanywaji wa dompo, ule mvinyo mtamu wa Dodoma, kwamba wanakunywa sharubati yenye kilevi. Nimeifuta. Mama yangu mkwe hunywa dompo, kijiglasi kimoja na barafu, Jumapili baada ya ibada, na utamu ule unaficha madhara ya rafu ya dirishani kuliko mvinyo mkavu. Chupa yake ikikaa wiki mbili wazi bado inanyweka. Labda watu walioupenda utamu waliujua mji wao kuliko mimi.

Nilivyofika hapa naona nimejikamata mwenyewe. Mmeuliza nitanunua nini, na ukweli ni kwamba Ijumaa iliyopita nilinunua boksi la lita tano la Afrika Kusini. Halinunuliki kwa elfu ishirini, tulichanga watu wanne. Ule mfuko wa ndani unajikunja kadiri unavyochota, hewa haiingii, na wiki ya tatu bado unanyweka, kitu ambacho chupa ya kizibo haiwezi kwa familia inayokunywa kidogo kidogo. Wa Dodoma wa boksi dukani kwetu sijauona. Ukiwepo, na ukiwa haujapigwa jua, nahama kesho. Na kama mtu wenu anakwenda Dodoma mwezi wa tisa, kwa basi au kwa hii treni mpya, elfu ishirini zangu nampa zote aniletee chupa mbili kavu za kiwandani, zilizokwisha kuchemka.

Dumu hapana.