Kimondo cha Mbozi na shimo lisiloonekana

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kimondo cha Mbozi, chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, hakina shimo mahali kilipoangukia, na ni nani aliyekipandisha juu ya nguzo ile. Hakuna aliyekipandisha. Kilipofahamika kwa wanasayansi mwaka 1930, sehemu yake kubwa ilikuwa imefukiwa, hivyo pakachimbwa handaki la kukizunguka huku udongo wa chini yake ukiachwa uendelee kukibeba, na baadaye ukaimarishwa kwa zege. Kuhusu shimo, kilianguka zamani mno, kiasi kwamba mvua na mmomonyoko wa miaka mingi vimepata nafasi ya kufuta alama yoyote iliyokuwapo.

Nakusihi ufike mwenyewe, kwa kuwa picha hazikitendei haki. Mimi nilitoka Mbeya alfajiri, nikapita Vwawa ukungu ukiwa haujaondoka, na nilipoweka kiganja juu yake nilihisi baridi kali ya chuma, tena chuma kilichojaa vijishimo vinavyotosha ncha ya kidole. Takribani asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Tazama pia ncha yake nyembamba, mahali palipokatwa sampuli mwezi Desemba mwaka ule wa 1930: kipande cha sentimita 10 tu kiliwagharimu saa 10 za kusukuma msumeno wa chuma kwa mkono. Nilisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote.