Besi halichezwi

SWALI: Nataka kuuza gita langu la besi ninunue la nyuzi tano. Tangazo nimeliandika hivi: "Nauza besi ya kamba nne, kamba mpya, imechezwa miaka miwili tu. Ifananishe na nyingine uone." Rafiki yangu anasema kamba ni za kufungia mbuzi, niandike waya. Nani yuko sahihi?

JIBU: Rafiki yako yuko sahihi kuhusu mbuzi, ila kwenye waya ameteleza. Andika nyuzi. Ni kweli kwamba uzi wa besi ni waya mtupu: kiini cha chuma kilichozungushiwa waya mwingine wa nikeli au chuma, wa duara au bapa, na ule mnene kuliko wote katika seti ya kawaida hufikia inchi 0.105. Lakini uzi wa ala haukupewa jina kwa sababu ya mali yake. Kuna nyuzi zilizosokotwa kwa utumbo wa kondoo, zikaja za chuma, zikaja za nailoni, na zote tumeziita nyuzi bila kugombana. Ninachoomba ni kimoja tu: uzi mmoja, nyuzi nne. Anayelalamika kwamba "nyuzi moja imekatika" ana matatizo makubwa kuliko la gita.

Gita au gitaa? Kamusi hupenda gitaa, wanamuziki hawana muda na ile a ya pili, nami siingilii. Neno tulilichukua kwa Waingereza, asili yake iko Kihispania, na shina la mbali kabisa ni kithara ya Wagiriki. Basi. Ila kwa kuwa gita ni "la", hata ukilikata ukabakiza besi, chombo ni besi langu. Besi yangu ni sauti inayotoka kooni mwangu, na hiyo siiuzi.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya niichague barua yako nikaziacha nyingine. Imechezwa!

Gita halichezwi. Gita hupigwa, hucharazwa, na mwenye mkono mzito hulikung'uta. Anayecheza ni yule aliye mbele ya jukwaa akikata kiuno; mpigaji yuko nyuma yake anamchezesha. Ndiyo maana tukisema mcheza kwao hutuzwa, hakuna anayeuliza kama mwenye ngoma naye atapata chochote. Mpiga ngoma na mcheza ngoma ni watu wawili, na mara nyingi wameelekeana uso kwa uso. Kiingereza kina kitenzi kimoja cha mpira, karata, gita na maigizo. Hilo ni shauri lake. Sisi kazi hizi tulishagawana zamani, na sioni kwa nini turudishe chungu kimoja jikoni ili tu tufanane na jirani.

Kwenye tangazo lako, hata hivyo, hasara si ya sarufi peke yake. Lisome kwa jicho la mnunuzi. Kilichochezwa kinakaa mlango wa pili tu kutoka kilichochezewa, na sote tunajua maana ya mita iliyochezewa, injini iliyochezewa, hesabu zilizochezewa. Mnunuzi akiona "imechezwa miaka miwili", mawazo yake yanakimbilia shingoni: nani aliingiza bisibisi humo? Nani aliukaza ule ufito wa chuma uliomo ndani ya shingo mpaka mbao ikapinda? Nani aling'oa pikapu za asili, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, akatia za kuokoteza, akalehemu nyaya ovyo, akafunga kifuniko upesi kabla mwenyewe hajaona? Na tena miaka miwili! Yaani mtu amekaa na besi miaka miwili analichezea tu, hajalipiga hata siku moja. Mimi ningepita bila kuuliza bei.

Andika hivi: "Nauza gita la besi la nyuzi nne, nyuzi mpya, limepigwa miaka miwili, halijachezewa." Mnunuzi ataelewa kwamba limefanya kazi yake, na kwamba hakuna fundi wa kubahatisha aliyelifungua. Hayo mawili ukiyataja kwa kitenzi kimoja, utakuwa umemficha yote.

Najua wapo watakaoniandikia kwamba kupiga ni ukatili, gita ni la kubembelezwa. Hao ndio wanaopiga simu, wakapiga picha, wakapiga pasi na kupiga mswaki kila asubuhi bila kumjeruhi mtu. Zumari nayo hupigwa, na hakuna anayeigusa kwa fimbo. Tena wamechagua ala mbaya ya kutetea, kwa sababu besi hupigwa kwelikweli. Larry Graham, Mmarekani aliyevuma na kundi la Sly and the Family Stone, kabla ya hapo alikuwa akipiga na mama yake bila mpiga ngoma. Ili kuziba pengo hilo akawa anagonga uzi mnene kwa dole gumba mahali pa ngoma kubwa, na kuufyatua uzi mwembamba kwa kidole mahali pa ile ndogo. Mtindo huo umeenea dunia nzima. Nenda kamwambie alikuwa anacheza.

Mahali pamoja nimenyoosha mikono. Simu zina kitufe kilichoandikwa "Cheza", na watoto wanaambiana "cheza wimbo ule". Redio zilipiga muziki miaka yote hiyo na hakuna aliyeziripoti popote, lakini sawa, yamepita. Mashine haina vidole, acheni icheze.

Limebaki "ifananishe". Kufananisha ni kuonyesha kwamba viwili ni sawa. Kulinganisha ni kuviweka bega kwa bega uone kipi kimezidi wapi. Chukua Precision Bass la Fender, lililotoka mwaka 1951, na Jazz Bass la kampuni hiyohiyo, lililotoka 1960. Ukiyafananisha utasema yote yana nyuzi nne, na uzi kutoka darajani, pale unapoegemea kwenye kiwiliwili cha gita, hadi karibu na kichwa ni inchi 34. Ni kweli, lakini mtu mwenye pesa mfukoni bado hajajua achukue lipi. Ukiyalinganisha ndipo atajua kwamba lile la pili lina pikapu mbili, na kwamba shingo yake ni nyembamba zaidi kule upande wa kichwa, jambo ambalo mwenye vidole vifupi atalishukuru. Kwa hiyo mwambie alilinganishe. Na akifika kwako, mpe alipige.