Uvimbe Laini Begani: Ni Mafuta au Saratani?

SWALI: Daktari, nakusalimu. Mimi ni muuza nguo mjini Arua, nina umri wa miaka 46. Nyuma ya bega langu la kushoto pana uvimbe laini ambao nimekuwa nao kwa miaka minne. Hauniumi. Mke wangu ananisihi niende hospitali, lakini jirani anasema ni mafuta ya nyama ninayokula, na kwamba yuko mtu sokoni anayeweza kuupasua kwa wembe na kuukamua. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, msikilize mke wako. Kwa jinsi ulivyoueleza, uvimbe huo unafanana na lipoma, yaani mkusanyiko wa seli za mafuta uliozungukwa na utando mwembamba chini ya ngozi. Ukiibonyeza, lipoma hubonyea kama kinyunya cha chapati na kuteleza kando ya kidole. Hupatikana zaidi mabegani, shingoni, mgongoni, mikononi na mapajani, na wengi huigundua wakiwa kati ya miaka 40 na 60.

Nyama haina kosa hapa. Watu wembamba nao huota lipoma, na anayekonda huuona uvimbe wake umebaki palepale. Katika baadhi ya familia hali hii hurithiwa. Wembe ndio unaonitia hofu, kwa sababu lipoma haina usaha wa kukamuliwa, na huyo mtu wa sokoni atakuachia kidonda, pengine pamoja na pepopunda au virusi vya mteja aliyekutangulia.

Hata hivyo, si kila uvimbe ni lipoma. Tezi zilizovimba shingoni, kwapani au kinenani zinahitaji uchunguzi, ukiwemo wa kifua kikuu na VVU. Huko kwenu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, watu walioishi kando ya mito yenye maji ya kasi huweza kuwa na vinundu vigumu juu ya mifupa ya nyonga au mbavu, ambavyo ni makao ya minyoo ya usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi weusi wadogo wa mitoni. Na uvimbe uliozidi sentimita 5, unaokua haraka, ulio mgumu, unaouma au uliozama ndani ya msuli usiucheleweshe hata kidogo, kwani saratani ya tishu za mafuta huweza kuanza kwa sura hiyo.

Anzia kituo cha afya cha daraja la nne, na daktari akiwa na shaka atakupeleka hospitali ya rufaa ya Arua kwa ultrasaundi au kuchukuliwa kipande kidogo cha kupimwa. Ikithibitika kuwa ni lipoma, unaweza kuiacha ilivyo. Ikikukera unapobeba mabunda begani, huondolewa kwa ganzi ya sehemu hiyo tu na aghalabu unarudi nyumbani siku hiyohiyo, mradi utando wake utolewe wote, la sivyo huweza kuota tena.

Utepe wa kupimia nguo bila shaka unao dukani: mwombe mke wako aupime uvimbe leo na kuandika tarehe, kwa maana daktari atataka kujua kama unakua.