Kigari changu cha kijani nitakipata wapi?

SWALI: Asalaam aleikum dada. Mimi ni mzaliwa wa Mkomani hapa Lamu, nna miaka 65. Nilipokuwa darasa la kwanza baba alikuwa kuli Kilindini, siku moja akaja na jahazi akaniletea kigari cha chuma kidogo tu, kinaenea kiganjani, cha kijani, na juu kimebebeshwa mizigo ya rangi ya kahawia. Wakati huo gari tulilolijua hapa ni Landrova ya DC basi, kwa hivyo changu ndo kilikuwa cha pili, nikikiendesha juu ya baraza mpaka bibi achoke na makelele. Kikapotea. Mimi nasema ndugu yangu mdogo alikitupa ndani ya birika la choo, lile tangi la kuwekea maji, yeye mpaka leo anakataa. Wajukuu wametafuta kwenye simu "kigari cha kijani cha zamani" wameletewa magari elfu na changu hakimo. Nifanyeje?
Babu wa Mkomani

JIBU: Wa aleikum salaam babu, na shikamoo. Hiyo mizigo ndo imekuokoa. Landrova za kuchezea za kijani zilikuwa tele, lakini ya kijani yenye mizigo ya kahawia juu ya paa, ya kuenea kiganjani, hiyo moja kwa moja inanipeleka kwa Matchbox namba 12, Land Rover Safari, iliyotoka Uingereza mwaka 1965, na miaka yako inaingiana nayo vizuri tu.

Waliotengeneza ni Lesney, kampuni ya London ya tangu 1947, ya marafiki wawili Leslie Smith na Rodney Smith, wakaunganisha majina yao wakapata hilo. Matchbox ni kwa sababu kila kigari kiliuzwa ndani ya kiboksi mfano wa kibiriti. Sasa shida ni kwamba namba zao zilikwenda 1 mpaka 75 halafu zikirudiwa, yani kabla ya yako kulikuwa na namba 12 nyingine, nazo pia Landrova lakini za wazi, hazina paa wala mizigo, kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Waambie wajukuu waandike Lesney Matchbox 12 Safari Land Rover, na kijani waiweke kwa Kiingereza, maana baadaye hiyo hiyo ilipakwa buluu. Kuandika "kigari cha kijani" ni kama kwenda Marikiti ukaomba "kitu cha kula".

Usilipe kabla hujatumiwa picha ya tumbo! Chini paandikwe "Made in England" na jina Lesney, na uone ribiti, yani kile kipini cha chuma kilichopondwa kichwa kushikilia bodi. Ukiona skrubu au tundu lililotobolewa kwa drili ujue kimefunguliwa kikapakwa rangi upya, na wauzaji wengine hawasemi mpaka uulize. Magurudumu yawe ya plastiki nyeusi na ekseli nene, kwa sababu mwaka 1969 Lesney walianza kuhamia magurudumu ya kasi yenye ekseli nyembamba, wakiwakimbiza Hot Wheels wa Marekani waliotoka 1968. Na boksi usililipie sana, siku hizi yanachapwa mapya yakafanana na ya zamani.

Lakini babu, mimi ningeanza na birika. Lilishawahi kuzolewa tope? Bodi ya vigari hivi ni mchanganyiko wa zinki, haishiki kutu kama chuma cha kawaida, zinazooza ni ekseli, rangi nayo labda imebaki kwenye pembe tu. Kama nyumba bado ni yenu na hamjamuuzia mzungu, wahamishe vile visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, utie mkono mpaka chini. Kama imeuzwa, mtafute fundi aliyeikarabati. Na ndugu yako awepo siku hiyo.

SWALI: Mimi niko Malindi, nimeokota Hot Wheels kwenye mtumba, chini imeandikwa 1969. Nikiiuza kama ya 1969 ntakosea?
Mama Swabra

JIBU: Utakosea dada yangu. Mwaka ule wa chini ni wa haki ya muundo, si wa siku kilipotoka kiwandani, muundo mmoja ukiweza kutengenezwa miaka na miaka. Angalia nchi: za mwanzo ziliandikwa U.S.A. au Hong Kong, na matairi yalikuwa na mstari mwekundu mpaka mwaka 1977 hivi. Ukigeuza ukakuta Malaysia na mstari hakuna, mpe Swabra acheze.