Mwanangu, acha kuitazama saa

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi huku Tukuyu wazima, mvua tu ndiyo haitupi nafasi ya kuanika.

Unasema mtoto ametimiza wiki 3, na ikifika saa 12 jioni anang'ang'ania ziwa mpaka usiku wa manane, akiachia anadai tena baada ya nusu saa. Unaniuliza kama maziwa hayamtoshi, maana bibi yake mzaa baba anataka umwanzishie uji mwepesi ili alale.

Uji hapana. Maji nayo hapana, hata ya vuguvugu kwa kisingizio cha baridi ya Mafinga. Mpaka atimize miezi 6 ni maziwa yako tu, labda na dawa akiandikiwa na daktari. Mama mkwe mheshimu, nami namheshimu. Mwambie kwa upole kuwa nesi amekataza. Hutakuwa umesema uongo.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 mpaka 12 kwa usiku na mchana, na wapo wanaozidisha. Ukipiga hesabu unapata kila saa 2 au 3, ila mtoto hajui kugawanya. Atanyonya mara nne tano mfululizo jioni, kisha alale kwa kirefu kidogo. Tumbo lake bado dogo na maziwa ya mama husagika upesi. Kwenye wiki ya 3, ya 6 na mwezi wa 3 hivi, wengi huzidisha kwa siku mbili tatu, halafu hutulia wenyewe.

Hapo ndipo akina mama wengi hupotezwa. Ziwa hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Ukimpa uji, anashiba, ananyonya kidogo, ziwa linabaki limejaa, na mwili unapunguza kutengeneza. Baada ya wiki mbili watu wanasema maziwa yamekauka, kumbe uji ndio uliyakausha. Na usiruke ya usiku: homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi saa hizo. Matiti yakilainika siku zinavyokwenda, usiogope pia, mwili umeshazoea kipimo chake.

Kama unataka cha kuhesabu, hesabu nepi. Zikilowa 6 au zaidi kwa siku, na mkojo hauna rangi kali, anapata. Kisha kadi ya kliniki: alitakiwa arudie uzito wa kuzaliwa kufikia wiki ya 2, na baada ya hapo mstari uendelee kupanda.

Mtazame pia anavyoshika. Kidevu kiguse ziwa, mdomo uwe wazi sana, ule wa chini umebinuka kwa nje, na sehemu kubwa ya weusi iwe ndani, si chuchu peke yake. Anavuta, anavuta, kisha unasikia anameza. Ukisikia mlio wa kufyonza hewa, au chuchu inakuuma mpaka unakunja vidole vya miguu, ingiza kidole pembeni ya mdomo wake umwachishe, umweke upya. Na usingoje alie. Akianza kugeuza kichwa akitafuta, au kulamba ngumi, mpe.

Ila akikataa kunyonya, akawa mlegevu haamkiki, akapata homa, au macho yakawa ya manjano, usinipigie mimi kwanza. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Baba yake naye asikae tu. Amcheulishe mtoto, na jioni apike yeye, ili wewe ukae na mwanao bila kukumbuka sufuria. Supu ya kuku ni nzuri kwako, lakini kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya. Hao wanaokuuzia unga wa kuongeza maziwa waache wapite.

Kazini usirudi kimya kimya. Likizo yako ni siku 84, na ukirudi sheria inataka upewe nafasi ya kunyonyesha, hadi saa 2 kwa siku. Mwandikie mwajiri barua mapema.

Ndizi nitaziweka kwenye basi Jumamosi. Mtume mtu stendi.

Mama yako