Fixie ya mtumba uliyoiona London

Mdogo wangu, umeuliza kama fixie (baiskeli ya gia moja isiyoachia) ya mtumba uliyoiona hapo London, iliyotangazwa "Keirin halisi ya Japani, adimu sana", inastahili bei yake. Usilipe kwanza. Tangu vijana waanze kuzipenda, hata baiskeli ya kawaida iliyong'olewa gia huitwa ya mashindano.

Mwombe muuzaji picha za karibu. Fremu na vifaa vya Keirin, mbio za baiskeli za Japani, hugongwa muhuri wa NJS, alama ya kuidhinishwa kwa mbio hizo. Usipouona, hilo neno "halisi" lifute. Kisha tazama sproketi ya nyuma, ile duara ya meno inayoshika mnyororo. Lazima ishikiliwe na nati bapa yenye nyuzi za kinyume, inayokazwa kwa kuzungushiwa kushoto. Fixie huzungusha pedali muda wote gurudumu linapozunguka, na ukizizuia kwa nguvu bila nati hiyo, sproketi inaweza kulegea. Yangu ya kwanza ilifunguka hivyo mteremkoni, nikapata kovu la kiwiko. Tangazo lilisema "haina kasoro".

Breki ya mbele nayo usikubali ikosekane, sheria ya Uingereza inaidai barabarani. Fremu ambayo uma wake wa mbele hauna tundu la kuifungia, iache hata wakikupunguzia.