Zabibu zilizama, krimu ikashuka Himo

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi nipo Pasua, Moshi. Mwaka jana nilisema Krismasi sinunui keki, napika mwenyewe ya matunda nimpelekee mama mkwe Rombo. Siagi robo kilo, sukari robo, mayai 4, unga robo, zabibu nusu kilo, beking pauda vijiko vikubwa 2 na maziwa kikombe. Katikati ikabonyea, zabibu zote zikalala chini, nikafunika aibu na krimu ya siagi. Tunafika Himo, tumebanana kwenye Noah na joto lile la Desemba, krimu yote imeshuka kwenye boksi. Mama mkwe akaangalia akasema pole na safari, basi. Mwaka huu nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo "pole na safari, basi" naijua, inauma kuliko kusemwa.

Vijiko vikubwa 2 vya beking pauda ulikuwa unapika keki au unapasua mwamba? Keki ya matunda ni nzito, ukizidisha inapanda mbio kabla kati haijaiva, afu inaanguka. Kijiko 1 cha chai kisijae kinatosha, na sisi wa Arusha tulio mita kama 1,400 tunapunguza tena kidogo maana huku juu keki inaumuka upesi. Maziwa futa kabisa, ndo yaliyozamisha zabibu, mchanganyiko unatakiwa uwe mzito ung'ang'anie kwenye mwiko. Zabibu zioshe jana yake, zianike kwenye kitambaa zikauke kweli, halafu zigaragaze kwenye unga kidogo kabla ya kumimina.

Moto sasa. Oveni weka nyuzi 150 za Selsiasi uiache masaa mawili hadi mawili na nusu na usifungue fungue kuchungulia. Kama ni jiko la mkaa, mchanga ndani ya sufuria kubwa, makaa machache chini na mengi kidogo juu ya mfuniko, na hapo uvumilivu ndo kila kitu, chomeka kijiti katikati kikitoka kikavu epua. Pika wiki mbili kabla, ikipoa ifunge vizuri, inazidi kunoga. Kama ukweni hawana neno na pombe nyunyizia vijiko viwili vya brandi.

Krimu ya siagi kwa safari ya Rombo hapana. Paka jemu nyembamba juu ya keki ili makombo yatulie, kisha piga ute mweupe wa mayai 2 na aising shuga kama gramu 400 na kijiko cha chai cha limao mpaka isimame yenyewe. Paka, iache usiku kucha bila kufunika, itakauka ngumu hata Noah ipite kwenye mashimo. Mayai yawe freshi na wajawazito na watoto wadogo wakatie pasipo na aising, maana ute huo haujapikwa.

Mapambo achana na zile santa za plastiki. Bakiza aising kidogo, tia rangi ya kijani, mchoree jani moja refu la isale katikati. Wewe umeolewa Uchaggani, unajua jani la isale Wachagga humpelekea waliyemkosea kuomba msamaha. Usimweleze kitu, mpe kisu akate.